Pengo Lina Bei Yake

Jani limefika limeviringishwa gazetini,
kisamvu cha Kwafungo, manjano ikifuata mishipa,
na kipande cha daftari: *Mwajabu Kilua, shamba la bondeni.
Muhogo nje mzima, ndani unaoza.*
Sijui mtaalamu gani angeandika vizuri zaidi.

Siku tatu baadaye jani si jani tena.
Ni herufi nne zinazopokezana,
A, T, G, tena G, C, A,
bila nukta, bila mkato, bila pa kuvuta pumzi,
mia saba na kumi na mbili.
Nilizisoma kwa sauti mara moja, usiku;
mlinzi Shekue akachungulia dirishani
akidhani nasoma zinguo.

Naziuliza zilikotoka.
Mwenyeji wa Ngamiani hakuelekezi kwa rangi ya mlango,
anakwambia tu: barabara ya kumi na nne.
Kanzidata nayo ni Ngamiani isiyo na mwisho,
kila mfuatano na namba yake;
ukiijua namba, hupigi hodi.
Mimi sina namba. Nina sura tu.
Nimesimama njia panda na picha ya mgeni:
jamani, huyu mnamjua?

Mashine haisomi yote. Ingesoma yote, tungezeeka.
Inamega herufi kumi na moja, kama mtu aonjaye mchuzi,
inapita nazo milango milioni kwa milioni,
panapoitika inasimama,
inapapasa kushoto, inapapasa kulia,
mpaka kufanana kuchoke.
Zikilingana, inaongeza alama.
Zikitofautiana, inakata.
Na pale herufi ilipodondoka njiani,
pengo lina bei yake:
kulifungua ni ghali,
kulirefusha ni nafuu kidogo.
Aliyewahi kuzika anaijua hesabu hiyo.

Bando limekata saa nne na robo.
Naongeza la mia tano.

Wa kwanza: asilimia tisini na nane.
Bahati tupu ingeleta jibu hili mara ngapi?
Sifuri nukta sifuri, sifuri, sifuri,
nikaacha kuhesabu.
Wa pili: tisini na saba.
Wa tatu anajiita kirusi cha viazi.
Nikamfuatilia. Kaitwa hivyo kwa kuwa jirani yake kaitwa hivyo,
na jirani kanakili kwa jirani,
na wa mwanzo kabisa, nadhani, aliandika akisinzia.
Uvumi wenye namba na muhuri.
Mimi mwenyewe, soko la Mgandini, nina miaka sita,
nilimfuata mwanamke mpaka kwenye nazi,
khanga ile ile, mwendo ule ule.
Akageuka.

Narudi kwa wa kwanza. Naifungua kumbukumbu yake.
Mmea: muhogo. Nchi: Tanzania. Mahali: Muheza.
Tarehe: mwaka niliokuwa darasa la tatu.
Aliyekusanya: herufi mbili na jina la ukoo wa mbali.
Aliyelima:

mstari huo haupo.
Hata kisanduku kitupu hakuna.
Kuna mkono uliolivunja jani lile,
ukalitoa, ukaambiwa asante,
na tangu siku hiyo pengo linarefuka
kwa bei nafuu.

Asubuhi nampigia Bi Mwajabu.
Ng'oa, namwambia, choma, usimgawie mtu mbegu,
miche safi nitakuulizia Mlingano.
Kimya. Kuku wanasikika.
"Kumbe ulishampata mwingine, hapa hapa Muheza?
Nani?"
Sijui, nasema. Hawakuandika.
"Basi wala hujampata."

Namweleza: yetu naipakia leo,
mwishoni pana nafasi ya maelezo,
nikuweke jina?
"Niweke. Kilua. Usitie W.
Wenye W ni wa Lushoto,
hatujuani."